Je, Wajua? Ua wa Kuzunguka Maji, Si wa Kuzunguka Boma Tu

Je, wajua kwamba ua wa boma, hata uwe wa michongoma iliyofungamana hadi kuku hapenyi, haumkingi mtoto na bwawa lililo ndani ya boma hilo hilo? Ua huo unamtazama mwizi na ng'ombe wa jirani. Mtoto wa miaka miwili anayezama nyumbani kwao hakuingilia getini. Alitoka jikoni, akapita barazani, akafika majini kabla mamake hajamaliza kuchuja chai.

Ndiyo sababu wanaoshughulikia usalama wa mabwawa ya kuogelea husisitiza ua wa pande nne, yaani ua unaolizunguka bwawa lenyewe na kulitenga na nyumba. Ua wa pande tatu, ambao upande wake wa nne ni ukuta wa nyumba wenye mlango, unamwachia mtoto njia ile ile anayoipita kila siku. Mwaka 1998 watafiti Thompson na Rivara walikusanya tafiti zilizokwisha kufanywa kuhusu jambo hili, wakakuta kwamba hatari ya mtoto kuzama hupungua kwa asilimia 83 bwawa likiwa na ua wa pande nne, ikilinganishwa na bwawa lenye ua wa pande tatu. Tofauti yote hiyo inaletwa na upande mmoja tu, ule unaosimama kati ya mlango wa jikoni na maji.

Kwetu huku Kenya, kuanzia Kipsitet na Kaitui kwenye joto na miwa ya Soin hadi kwenye majani chai ya Kericho, Litein na Bomet, mabwawa ya kuogelea ya nyumbani bado ni machache, ingawa yanaongezeka kadiri watu wanavyojenga nyumba za kustaafia na nyumba za wageni. Lakini kidimbwi cha kuvunia maji ya mvua kipo, bwawa la samaki lipo, tangi la ardhini lipo, na shimo la choo ambalo halijajengewa lipo. Basi kila kipimo utakachokisoma hapa, kilichobuniwa kwa ajili ya bwawa la kuogelea, kichukue ukakipime pia kwenye maji uliyo nayo.

Je, wajua dakika 5 zinatosha? Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilichunguza ajali za watoto wadogo katika mabwawa ya nyumbani ya majimbo ya California, Arizona na Florida. Katika kila watoto 100, watoto 69 hawakutarajiwa na mtu yeyote kuwa karibu na bwawa wakati ule. Karibu nusu ya watoto wote walionekana mara ya mwisho wakiwa ndani ya nyumba. Watoto 77 kati ya 100 walikuwa wametoweka machoni kwa dakika 5 au chini ya hapo. Na wengi walikuwa chini ya uangalizi wa mzazi mmoja au wote wawili.

Takwimu hizo zingepaswa kusomwa kwa sauti katika kila matanga ya mtoto aliyezama, kabla shangazi mmoja hajauliza mama alikuwa wapi. Alikuwepo. Alikuwa akifua, au akipokea simu, au akimnyonyesha mdogo wake. Hakuna binadamu anayeweza kumkazia macho mtoto wa miaka miwili kuanzia alfajiri hadi usiku, na ua umewekwa ili uzibe zile dakika chache ambazo jicho limegeukia kwingine.

Je, wajua mtoto anayezama huwa hapigi kelele? Hawezi. Mdomo wake unazama na kuibuka, na kila unapoibuka anatafuta hewa, hana nafasi ya kuita. Mikono inakandamiza maji kwa pembeni, haipungi. Mwokoaji wa Marekani Francesco Pia, aliyechunguza sana waogeleaji wanaozama, alieleza kwamba mtu huweza kuwa katika hali hiyo kwa sekunde 20 hadi 60 kabla ya kutitia kabisa. Kwa hiyo mwenye kusema "ningesikia" anategemea sauti ambayo haitatoka.

Maji ya sentimita 5 yanatosha kumzamisha mtoto mchanga aliyeanguka kifudifudi. Ndoo ya kufulia ni ya kumwagwa, si ya kuachwa pembeni.

Je, wajua ua wa bwawa unapaswa kuwa na kimo gani? Viwango vya Australia na ushauri wa madaktari wa watoto wa Marekani vinakutana kwenye sentimita 120, angalau. Mwenye uwezo wa kupandisha hadi sentimita 150 na apandishe, maana mtoto wa miaka mitano wa huku, aliyezoea kukwea mipera na miembe, hashindwi na sentimita 120 akiamua. Nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi sentimita 10. Nafasi ya chini, kati ya ua na ardhi, nayo isizidi hizo hizo 10. Chukua tepu upime hapo chini mwenyewe, usimwachie fundi peke yake, kwa sababu udongo wetu unabebwa na mvua. Pengo lililokuwa sentimita 6 wakati wa kujenga linaweza kuwa 15 baada ya msimu mmoja wa masika, na mtoto anayetambaa akapita hapo bila shida.

Je, wajua mabanzi yaliyopigiliwa kwa ulalo ni ngazi? Hili linanisumbua zaidi kuliko yote, kwa sababu ndio ua unaopatikana kwa bei rahisi karibu na kila kiwanda cha mbao. Banzi la kwanza hupigiliwa futi moja kutoka chini, la pili futi mbili, la tatu tatu, na mtoto anapewa mahali pa kukanyaga hadi juu. Mabanzi hayo hayo, kwa gharama hiyo hiyo na misumari ile ile, yakisimamishwa wima yanageuka ua wa kweli. Mbao mbili za ulalo zinazoyashikilia ziwekwe upande wa majini, mbali na mkono wa mtoto, na kati ya mbao hizo mbili pawe na angalau sentimita 90.

Waya wa chenilinki una tatizo lile lile. Tundu lake likiwa kubwa, kidole gumba cha mguu kinaingia, na mtoto anakwea. Wamarekani wanataka tundu lisizidi takriban sentimita 4 na nusu kwa ua wa bwawa. Waya unaouzwa kwa wingi madukani mwetu kwa ajili ya shamba una matundu makubwa kuliko hayo, kwa hiyo ukiwa na waya wa namna hiyo tayari, usiung'oe. Funika kwa bati au kwa mbao za wima hadi kimo cha kifua. Seng'enge, kwa upande wake, inamchana mtoto na bado inamruhusu apite. Haifai kabisa kwa kazi hii.

Na michongoma? Ua hai ni mzuri kwa boma, lakini chunguza chini yake. Mbwa ana njia yake hapo, mbuzi ana yake, na pale palipopita mbwa mtoto wa miaka miwili anapita pia. Majani chai ndiyo kabisa: kichaka kinachochumwa kila baada ya wiki moja au mbili kina juu iliyosawazishwa vizuri, ila chini ni mashina matupu, na watoto wa huku wote wanajua kupita kwa magoti katikati ya mistari.

Je, wajua kinachobomoa ua mzuri ni kitu kilichoegemezwa? Pipa la maji, rundo la kuni, kibanda cha mbwa, matofali yaliyobaki, gurudumu kuukuu. Waaustralia wana sheria ya eneo lisilopandika: kwa sentimita 90 kuzunguka ua hapatakiwi kuwa na kitu chochote cha kukanyagia, na tawi la mti linahesabiwa pia. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na hapa mtoto anashukia majini. Kila jioni mwenye nyumba azunguke ua kwa nje na aondoe viti. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kukokota kiti cha plastiki kutoka sebuleni hadi anapotaka.

Sasa lango. Lango ndilo lenye kazi ngumu, kwa sababu ua unasimama tu wenyewe lakini lango linafunguliwa mara nyingi kila siku na watu wenye haraka.

Je, wajua lango la bwawa linapaswa kufunguka kuelekea nje, mbali na maji? Sababu ni rahisi ukiwaza kwa urefu wa mtoto. Mtoto husukuma. Akifika kwenye lango lililosahauliwa bila kukomewa, atalisukuma mbele kuelekea bwawani. Kama lango linafunguka kuelekea nje, msukumo wake unalikaza lango kwenye mhimili na komeo linaingia. Kama linafunguka kuelekea ndani, amejifungulia.

Lango hilo lijifunge lenyewe, na likishajifunga lijikomee lenyewe. Haya ni mambo mawili. Bawaba za springi, au bawaba zilizochomelewa kwa mshazari ili uzito wa lango ulirudishe, hufanya la kwanza. Komeo la kudondoka hufanya la pili. Komeo liwe juu, sentimita 150 kutoka ardhini, au liwekwe upande wa ndani wa lango mahali ambapo mtu mzima anapitisha mkono kwa juu.

Na mafundi wa jua kali wa Kapsoit au Sotik wanaweza kulichomelea lango la namna hiyo bila kuagiza kitu kutoka nje, mradi mteja aseme anachotaka. Ukienda kulichukua, lijaribu pale pale kabla hujalipa. Lifungue wazi kabisa, liachie. Lifungue nusu, liachie. Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: liegemeze juu ya ulimi wa komeo, pengo la upana wa kidole tu, uliachie. Hapo ndipo malango mengi hushindwa. Springi haina nguvu ya kutosha kulisukuma hatua ya mwisho, lango linaonekana limefungwa ukiwa mbali, lakini komeo halijaingia. Likishindwa mara moja, lirudishwe kwa fundi. Baada ya kulifunga nyumbani, rudia jaribio hilo kila mwezi, kwa sababu hewa ya Kericho ina unyevu mwaka mzima, bawaba zinashika kutu na mbao inafura hadi lango linakwama kabla ya kufika.

Jiwe la kulizuia lango lisijifunge halina nafasi bwawani. Wala kamba. Wageni wa arusi wakitaka kupita na sinia za pilau, asimame mtu mzima alishike lango kwa mkono.

Je, wajua kidimbwi chenye karatasi la plastiki ni hatari kuliko mto ulio karibu nacho? Mto una mizizi, una mawe, una ukingo wa udongo unaoshikika. Kidimbwi cha kuvunia maji kina kuta zilizolala kwa mteremko, zimefunikwa kwa plastiki nyeusi ngumu, na baada ya majuma machache plastiki hiyo inaota utelezi wa kijani. Mtoto aliyeteleza humo anapiga hatua moja ya kupanda, mguu unarudi. Anaweka kiganja, kinateleza. Mtu mzima mwenye gamboti anateleza vivyo hivyo, na wapo waliozama wakijaribu kumtoa mwingine. Ukilichimba bwawa la namna hii, ukuta wake usiachwe kamwe bila kitu cha kushika: funga kamba nene yenye mafundo kwenye nguzo imara juu ya ukingo, iteremke hadi chini, na iwe hivyo pande zote nne. Magurudumu makuukuu yaliyofungwa kwa mnyororo yanafanya kazi ya ngazi vizuri sana. Usitoboe plastiki. Uzito ushikiliwe na nguzo za juu.

Na ua? Nguzo za mbluugamu hazina uhaba katika nchi ambayo viwanda vya chai vinaupanda kwa ajili ya kuni. Hoja ya gharama naielewa, nami sipendi kuwaambia wakulima wadogo jinsi ya kutumia fedha zao. Lakini bei ya karatasi la plastiki peke yake mara nyingi huwa kubwa kuliko bei ya nguzo na mabanzi ya kukizungushia kidimbwi. Ua uandikwe kwenye bajeti siku ile ile unapopiga hesabu ya plastiki, usiachwe kuwa jambo la mavuno yajayo.

Katika mwaka wa fedha wa 2009/2010 serikali ya Kenya, kupitia mpango wa kuchochea uchumi, ilichimba mabwawa 200 ya samaki katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa la mita za mraba 300. Mengine bado yanafuga ngege na kambare. Mengine yaliachwa, samaki wakaisha, nyasi zikaota, na maji ya mvua yakabaki. Bwawa lisilotumika lifukiwe. Kama halifukiwi, lizungushiwe ua, kwa sababu bwawa lililoachwa halina mtu wa kulitembelea asubuhi.

Vivyo hivyo mashimo ya kufyatulia matofali na machimbo ya mawe kando ya barabara. Mvua kubwa moja tu inayageuza kuwa mahali ambapo wavulana wanakwenda kuogelea wakitoka shule.

Je, wajua saa ya hatari ni ipi? Huko Bangladesh, ambako nako kuna mashamba ya chai upande wa Sylhet, watafiti waligundua kwamba watoto wengi wadogo huzama kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, wakati mama anashughulika na kazi za nyumbani na kaka wakubwa wako shule. Mwenye kuijua ratiba ya mchuma chai wa Bureti au Konoin hahitaji kuelezwa zaidi. Hizo ndizo saa za kikapu mgongoni, kabla ya kupeleka majani kituoni kupimwa.

Walichokifanya Bangladesh ni kuanzisha vituo vya kijijini viitwavyo Anchal. Mama mmoja aliyefunzwa hukaa na watoto wa kijiji, wa kuanzia karibu mwaka 1 hadi 5, katika saa hizo tu, siku 6 kwa juma. Vifo vya kuzama miongoni mwa watoto waliohudhuria vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Shirika la Afya Duniani sasa linahesabu vituo vya namna hiyo miongoni mwa njia zake kuu za kuzuia kuzama, pamoja na vizuizi vya kuyafikia maji, kufundisha watoto wa shule kuogelea na kufundisha watu kuokoa. Sioni kwa nini kokwet moja ya Soin, yaani baraza la kijiji, ambayo tayari inajua kukaa na kuamua mambo ya mipaka na barabara, isikae na kuamua ni bibi (gogo) yupi atakayebaki na watoto asubuhi, na kila nyumba itamchangia nini.

Dunia nzima ilipoteza takriban watu 300,000 kwa kuzama mwaka 2021, kwa hesabu ya shirika hilo hilo. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Katika kila vifo 10, zaidi ya 9 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Je, wajua sheria ya Kenya imemfikiria mtoto? Sheria ya dhima ya wamiliki na wakaaji wa majengo, Sura ya 34, inamtaka mwenye mahali awe tayari kwa ukweli kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Kwa maneno mengine, ukimkaribisha mgeni na mtoto wake, kibao cha "Hatari, maji marefu" hakikutoshi, maana mwenye miaka mitatu hasomi. Na kujenga bwawa lenyewe ni ujenzi unaohitaji idhini ya serikali ya kaunti chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Siku unapopeleka ramani ofisini, ua na lango viwe vimechorwa tayari.

Mahakama za Uingereza, ambazo sheria yetu nyingi ilitoka huko, zilikwisha kuligusa jambo hili mapema miaka ya 1920. Mtoto wa miaka 7 alikula matunda ya kupendeza yenye sumu katika bustani ya umma mjini Glasgow, akafa. Manispaa haikuweza kujitetea kwamba mtoto hakupaswa kuyagusa, kwa sababu ilikuwa imeweka mbele ya watoto kitu cha kuwavutia bila kuwazuia wala kuwaonya ipasavyo. Maji ya buluu mchana wa jua la Soin yanamvuta mtoto kuliko tunda lolote.

Na kabla ya Glasgow kuna kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aya ya 33 na 34: mwenye kuchimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda wa mtu akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya mnyama.

Ufaransa ilipitisha sheria tarehe 3 Januari 2003: mwenye bwawa la kuogelea nyumbani achague angalau kimoja kati ya ua, king'ora, kifuniko au kibanda cha kulifunika lote. Asiyetii anaweza kutozwa faini hadi yuro 45,000. New Zealand ilikuwa imewatangulia kwa sheria yake ya kuzungushia mabwawa ya mwaka 1987, na jimbo la New South Wales la Australia lina sheria yake ya mwaka 1992. Kati ya hivyo vinne vya Wafaransa, mimi ningechagua ua kila mara. King'ora kinahitaji umeme, na umeme wetu tunaujua. Kifuniko kinahitaji mtu akumbuke kukirudisha. Turubai lililotandazwa juu ya maji bila kukazwa ni baya kuliko kutokuwa na kitu, kwa sababu mtoto akilikanyaga linamzunguka na kumficha.

Je, wajua bwawa linaweza kumshika mtu kwa chini? Pampu hunyonya maji kupitia tundu la sakafuni, na mfuniko wa tundu hilo ukivunjika, mnyonyo unaweza kunasa nywele, nguo au mwili. Mwaka 2002 mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani James Baker, alikufa hivyo katika beseni kubwa la maji moto. Mwaka 2007 Marekani ikapitisha sheria yenye jina lake, inayodai mifuniko salama katika mabwawa ya umma. Mwambie fundi wako aweke matundu mawili yaliyotengana badala ya moja, mifuniko iliyobinuka, na swichi ya kuzima pampu mahali panapofikika haraka. Kila mtu wa nyumba aijue swichi hiyo ilipo.

Usipoiona sakafu ya bwawa ukiwa umesimama ukingoni, usiruhusu mtu aingie. Bwawa la nyumba ya wageni lililokaa miezi bila dawa linakuwa la kijani, na aliyezama ndani yake haonekani hata na anayemtafuta.

Vyura, bata na mipira huwaita watoto. Mpira ukiingia majini, utolewe na mtu mzima siku hiyo hiyo.

Je, wajua kujua kuogelea hakuondoi haja ya ua? Kunasaidia sana. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha kuogelea wasichana waliokulia kando ya bahari bila kuwahi kuingia ndani yake, wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayowasitiri. Ni kazi inayostahili kuigwa kando ya mto Nyando na mto Kipsonoi pia, hasa kwa kuwa bwawa kubwa la Soin-Koru linajengwa katika Nyando, mpakani mwa Kericho na Kisumu, na litaleta maji mapana mahali ambapo watu wamezoea mto tu. Lakini mafunzo hayo Shirika la Afya Duniani linayapendekeza kwa watoto wa miaka 6 na zaidi. Wa miaka miwili hafundishiki kujiokoa. Wa miaka miwili anazuiwa.

Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia kuzama, kwa azimio la Aprili 2021. Machifu na wazee wa nyumba kumi wangeitumia siku hiyo kuzunguka na tepu na kuhesabu maji yasiyo na ua katika kata zao.

Na je, wajua la kufanya mtoto akitolewa majini hapumui? Usimning'inize kichwa chini. Usimkandamize tumbo ili atapike maji. Haya mawili yanafanywa karibu kila mahali, na yote mawili yanapoteza muda ambao ubongo hauna, kwa sababu baada ya dakika 4 hadi 6 bila hewa huanza kuharibika. Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu, fungua njia ya hewa, ziba pua, mpulizie pumzi 5, kila moja hadi uone kifua kinapanda. Akiwa bado hana dalili ya uhai, anza kukandamiza katikati ya kifua: mara 30 kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja ya kifua, kisha pumzi 2, kisha 30 tena, bila kuacha. Mwingine apige simu wakati huo: 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambao pia hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza kwa yeyote anayetaka kuyafanya kwa mikono kabla ya siku ya haja. Mtoto akikohoa, akilia na kuonekana mzima, apelekwe hospitali hata hivyo siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumbana pumzi saa kadhaa baadaye.